Acha Jua Lichomoze Lenyewe: Mwongozo kwa Atakaye Kuandika Riwaya Kitale au Bungoma

Kwenye ukurasa wa kwanza, ndugu mwandishi, toa jua. Toa na majogoo, na umande, na upepo mwanana uliokuwa ukivuma kutoka Mlima Elgon. Kuna miswada ambayo jua hula kurasa tatu likichomoza, na likishachomoza, mhusika anapiga mswaki. Msomaji wa Kitale jua ameshaliona. Asichokijua ni kwa nini kijana huyu amefungasha nguo zake kabla babake hajaamka. Anzia hapo.

Msuko wa riwaya unamhitaji mtu anayetaka kitu, na kitu chenyewe kiwe na bei. Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma akakulia Trans Nzoia, alilijua hilo tangu Siku Njema ya mwaka 1996. Kongowea Mswahili anazaliwa Tanga. Mamake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, anafariki, na kijana anabaki na haja ya kumpata baba aliye Kenya. Haja hiyo moja inamvusha mpaka na kumfikisha Kitale. Mswada wako una wahusika thelathini na hakuna hata mmoja anayemtafuta mtu wala kitu. Wanakutana, wanajuliana hali, wanakunywa chai, wanaagana, na sura inayofuata wanakutana tena.

Haja yenyewe si lazima itangazwe. Katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya yake ya mwaka 2012, Amani anachunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, na ukimtazama utadhani shida yake ni mshahara tu. Kumbe ana lake rohoni, na mswada wake ulioibwa umo ndani ya hilo. Kwa hiyo hata anapokamua ng'ombe tunasoma kwa makini. Mhusika asiye na siri akikamua ng'ombe, tunapata maziwa basi.

Katikati ya riwaya ndipo wengi hukwama, wakaanza kuleta sadfa: baba aliyepotea miaka ishirini anaketi kiti cha pili kwenye matatu ya Webuye. Mwandishi wa Bungoma hana kisingizio hapa, maana Wabukusu wamempangia msuko mlangoni. Agosti ya mwaka shufwa, kama 2024, mvulana anayetaka kutahiriwa hutembea kwa jamaa akicheza chinyimba, njuga za mikononi, akiwaalika kwa kinywa chake mwenyewe. Kisha huenda kwa mjomba, ndugu ya mamake, na mjomba humkaripia mbele za watu kabla ya kumvalisha nyama shingoni. Alfajiri ni mtoni, anapakwa tope baridi, anarudi nyumbani uchi akiimbiwa wimbo wa Sioyaye, na wote wanamtazama kama atapepesa jicho. Angalia jinsi kila hatua inavyomfungia njia ya kurudi! Alipokuwa bado akialika, angeweza kughairi akaonekana mtoto tu. Baada ya kwa mjomba, akighairi, ukoo mzima umeaibika. Mpange mhusika wako vivyo hivyo: kila sura imwachie mlango mmoja pungufu, hata kama riwaya yako ni ya karani wa benki.

Sasa njoo kwenye tukio moja. Ni Desemba, mzee mmoja wa Kiminini amepeleka mahindi yake kwenye bohari. Karani anachoma gunia kwa bambo, anamwaga punje kwenye kipima unyevu. Kikomo ni asilimia 13.5, na kioo kinaonyesha 15.2. Hapa mwandishi mvivu huandika kwamba mzee alihuzunika sana, moyo ukamwenda mbio, akakumbuka umaskini wake. Mnyang'anye kalamu. Mwache mzee atie punje mdomoni, aivunje kwa meno.

"Sikia hiyo. Imekauka."

"Mzee, mashine haina masikio. Kaanike, urudi."

Dereva wa lori la kukodi anashuka. "Baba, tukilala hapa ni pesa nyingine."

Langoni amesimama dalali, amevaa koti safi, na tangu asubuhi hajaita mtu. Mzee anamtazama. Anafunga gunia lake kwa kamba ileile, polepole, kisha anakwenda langoni.

"Mwanangu, unalipa sasa hivi?"

Ishia hapo. Aliingia akiwa mkulima mwenye bei yake, na sasa bei ataambiwa. Karo ya Januari haijatajwa, lakini imekaa kwenye lile lori. Ukiongeza aya ya kueleza jinsi wakulima wanavyonyonywa, utakuwa umemwambia msomaji kwamba hukuamini macho yake. Na tukio ambalo mtu anatoka kama alivyoingia, hata liwe limepambwa vipi, litoe. Litakuuma siku mbili.

Ugonjwa mbaya kuliko yote ni kumwandikia mtahini. Tumesoma vitabu teule shuleni tukihesabu tashbihi na methali, na sasa tunaziweka mswadani ili mwalimu fulani azitoe. Ndiyo maana mwendesha bodaboda wa Chwele anasema, "Ewe mwandani wangu, nyota ya jaha imekuangazia," ilhali anataka nauli. Huyo hajawahi kupita Chwele. Mtu wa Chwele atasema, "Ongeza hamsini, huko ni matope," na hapo umepata barabara, mvua na ujanja wake. Ukitaka Kiswahili cha pwani, lete mtu wa pwani. Walibora alimtoa Kongowea Tanga, kwa hiyo ufasaha wake una kwao.

Sura ya mwisho usiwakamate wahalifu wote siku moja na jioni ukafunga harusi. Chagua jambo moja lililoulizwa mwanzoni, ulijibu kwa gharama, na mengine uyaache yaendelee na maisha yake.

Kisha msomee mtu asiyekudai wala kukuogopa, ikiwezekana shangazi mwenye kazi zake nyingi. Soma kwa sauti akichambua sukuma wiki. Akiuliza, "Halafu?" endelea. Akianza kukueleza habari za jirani, tia alama ya penseli kwenye mstari huo, na kesho uanze kukata kutoka ukurasa mmoja kabla ya hapo.