Onyo Anabaki Nalo Muuzaji

Hakuna serikali yenye imani kama yetu: inapanda, kisha inaomba kisiote. Mwaka 2003 ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, na mwaka 2007 ikaridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Wakati huohuo ina Bodi ya Tumbaku, ambayo kazi yake ni kuona zao linastawi. Mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro, Songea, katika mkoa unaolima tumbaku, ukamwaga maji kwetu Mtwara, ambako Wizara ya Afya inatusihi tusivute. Inatusihi kwa maandishi, kwenye pakiti. Kibandani sigara huuzwa moja moja, kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa kamba dirishani, na pakiti yenye onyo anabaki nayo muuzaji. Labda ndiye aliyekusudiwa.

Wapo wanaouliza mkulima atakula nini tumbaku ikiachwa. Swali la haki, ila kifungu cha 17 cha mkataba huohuo kinataka asaidiwe kupata kazi mbadala, na Mtwara hapa watu wanasomesha watoto kwa korosho. Wengine wanalilia kodi itakayopotea. Hao wangepiga hesabu vizuri: ushuru ukipanda, wavutaji hupungua huku mapato yakiongezeka, maana aliyezoea haachi kwa siku moja. Tena hesabu yao huishia Hazina. Mgonjwa wa saratani hupewa rufaa ya hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, na nauli ya basi anajitafutia mwenyewe.