Gunia Lina Kilemba, Mkulima Hana Kitu

Msyuuu! Niacheni nisonye kwanza, kahawa itapoa lakini haitakimbia. Eti kuna mwenzetu hapa anasema tuwasihi wafanyabiashara wawe waadilifu. Tuwasihi? Kurani ina sura iitwayo Al-Mutaffifin, yaani wapunjaji. Biblia nayo, kwenye Mithali, imelaani mizani ya udanganyifu. Karne na karne wanasihiwa. Wanaitikia "Amina", kisha hao shambani kupiga lumbesa!

Wakala wa Vipimo hawachoki kutangaza: gunia la mazao lisizidi kilo 100. Haya, nenda Njombe kwenye viazi. Gunia limeshindiliwa pomoni, juu likavishwa kilemba, likashonwa kwa kamba. Ndiyo lumbesa hiyo: kilo 130 kwa bei ya 100. Kwa magunia 10 ya namna hiyo, mkulima ametoa matatu bure! Akifungua mdomo anaambiwa, "Baki navyo, mzee, jirani yako anauza." Na viazi havingoji, vinaoza.

Mzigo ukifika Dar, kilemba kinavuliwa. Mama anapimiwa kwa kopo la sado, na sado yenyewe imebonyezwa tumbo. Kununua kwa kufurisha, kuuza kwa kubonyeza. Toba!

Ila tusimsute dalali peke yake. Tuseme yupo mwenye roho safi, ananunua kilo 100 kamili. Lori linamtoza kwa gunia, si kwa kilo. Kuli naye kwa gunia. Ushuru, mara nyingi, kwa gunia. Basi kila kilo yake inafika sokoni kwa gharama kubwa kuliko ya mpiga lumbesa, na mteja haulizi roho ya muuzaji, anauliza bei. Msimu ujao huyo mwema ama amefunga biashara, ama naye yuko shambani anashona vilemba.

Ndiyo maana nasema: haya anayo mtu, soko halina. Mkitaka biashara iwe na maadili, ifanyeni dhuluma isilipe. Mizani iwekwe kila kituo cha kununulia mazao. Nauli, ujira wa kuli na ushuru vihesabiwe kwa kilo. Anayekamatwa na lumbesa atozwe faini inayozidi faida aliyoiba, si ya kulipa kwa kicheko akaondoka.

Na halmashauri inayotoza ushuru kwa gunia ikome kumhubiria dalali uadilifu. Lumbesa inaanzia kwenye stakabadhi yake.