Barua ya Wazi kwa Tume na Washirika Wake Wasio na Upande

Kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, pamoja na wafadhili na wasanii wanaoisaidia kuwahamasisha vijana wa Kenya:

Kwa heshima na taadhima, vijana wanaotajwa katika kila bango wanashukuru kwa kukumbushwa, kila uchaguzi unapokaribia, kwamba kampeni hizo hazina upande, yaani humwita kijana debeni bila kumwambia ampigie nani. Oktoba 2021 Tume ililenga kusajili wapiga kura wapya milioni 6 ikapata takriban milioni 1.5, na vijana, ambao kufikia uchaguzi wa 2022 walikuwa chini ya asilimia 40 ya waliosajiliwa, wakabandikwa jina la wasiojali. Kushikilia kwamba kasoro iko kwa kijana, wala si kwa wagombea anaoletewa, tayari ni kuchukua upande, nao ni upande wa aliyekwisha kukalia kiti.

Kwa hiyo Tume inaombwa iwaagize wakaguzi wa vipimo, wale wanaokagua mizani za wauza nyama, wakague pia huko kutoegemea upande. Kila jukwaa liwekewe mizani ya shaba yenye lakiri: sahani moja ibebe fulana, soda na DJ, ya pili ibebe yasiyosemwa jukwaani, kama vile ajira na karo, na mshale ukiinama hata gramu moja, spika zizimwe. Fulana ipimwe ikiwa kavu, kwa kuwa jasho la mgeni rasmi huongeza uzito, tena isiwe na rangi yoyote, maana manjano ni ya chama cha UDA, rangi ya chungwa ni ya ODM, nyekundu ni ya Jubilee na buluu ilikuwa ya muungano wa Azimio. Kitambaa cha namna hiyo kisipopatikana nchini, zabuni itangazwe kimataifa. Cheti cha ukaguzi kidumu mwaka mmoja, wala DJ asimwazime mwenzake.

Maombi mengine ni madogo: mashine za usajili zikae mashinani kwa muda mrefu kuliko jukwaa la wasanii, na selfi zipungue.

Juni 2024, vijana walipoingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, wanasiasa kadhaa waliwaambia wangoje kura ya 2027, ilhali tangu mapema 2023 hadi Julai 2025 Tume haikuwa na kamishna hata mmoja, na watu wa Banissa, waliofiwa na mbunge wao Machi 2023, walikaa bila mwakilishi kwa kukosa wa kuwaitishia uchaguzi mdogo. Waliopigwa risasi katika maandamano hayo Juni 25, 2024 hawakuwa wasiojali. Walijali, wakazikwa, na sasa wadogo zao wanaimbiwa kutoka juu ya lori kwamba kura ndiyo sauti yao.

Tume iuwie radhi ukali huo, ambao bila shaka nao una upande. Mizani ikikwama kwenye zabuni, ipo hatua isiyo na gharama: kila bango liandikwe jina la aliyelilipia, kwa herufi kubwa kuliko neno "vijana".