Mondo wa Kamati

Binadamu walianza kusaga miwa Awendo mwaka 1979 wakadhani wao ndio wa kwanza. Wanyama wa bonde la mto Kuja walikuwa wamewatangulia, tangu enzi za misafara ya pwani iliyouza shanga, nguo na magobore. Kanga alikuwa na shamba lake, Nguchiro lake, na hata Kima, asiyesifika kwa subira, alipanda miwa akaingoja hadi ikakomaa.

Adui yao alikuwa ndezi. Hutoka usiku, huukata muwa karibu na shina kwa meno yake ya rangi ya chungwa, hutafuna kipande kimoja na kuuacha uliobaki ukauke. Ukipita barabarani utasema shamba limesimama. Ingia ndani, ndipo utakapojua nani mwenye shamba.

Aliyewapunguza ndezi alikuwa Mondo, paka wa miguu mirefu na masikio makubwa. Hakuwa na cheo wala mshahara. Alisimama kwenye majani usiku, akasikiliza. Kitoto cha ndezi kikitafuna mahali, aliruka juu na kutua nacho. Katika miruko miwili, mmoja ulikosa. Ndezi hawakuisha, ila hawakuongezeka, na wakulima walivuna.

Lakini mgeni mmoja alileta habari kwamba ng'ambo ya pili wana shujaa mwenye bunduki. Wanyama wakaona haya. Kiboko, waliyemwita Jaduong', yaani mzee, akaitisha kikao ndani ya Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, yenye kuta zinazofika mita 4.5 na zilizosimama kwa karne nyingi. Milango yake ni mifupi kwa makusudi: adui akitaka kuingia, sharti atangulize shingo. Binadamu waliitambua thamani yake, ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Wanyama waliithamini kwa sababu vikao vya nje ya kijiji vilikuwa na posho.

Ajenda ilikuwa moja: kumbuni shujaa wa zama za baruti.

Fisi aliomba kusema kwanza, maana alikuwa na ghala la kulisemea. Akatoa bunduki ya gumegume, akaeleza: unamimina baruti kwenye kasiba, unatia kitambaa, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki, unaweka baruti kidogo kwenye kisahani, unavuta mtambo, unalenga, unafyatua.

"Muda wote huo ndezi atakuwa anafanya nini?" Mama Mondo akauliza.

"Atangoja," Fisi akajibu. "Tumemchunguza, ni adui mwenye adabu."

Tenda ya baruti nayo akapewa yeye. Kanuni aliijua: shura sehemu 75, makaa 15, kiberiti 10. Ila shura ilitoka kwenye mapango ya popo, nao popo walitaka pesa taslimu, ilhali makaa yalipatikana popote pale mti ulipoungua. Fisi akaongeza makaa. Rangi ilikuwa nyeusi vilevile, na kamati ilikagua rangi.

Mondo, aliyeteuliwa kuwa shujaa huyo, akajaribishwa bunduki, kucha zake zikanasa kwenye kifyatulio. Kanga, ambaye tangu azaliwe alizitazama kucha zile kwa jicho la mashaka, akapendekeza zikatwe. Hoja ikapita bila kupingwa. Nguchiro akasema mlio wa bunduki utamuumiza masikio, na kwa bahati njema shemeji yake alikuwa na kofia za shaba zinazoyafunika kabisa, zenye manyoya ya mbuni juu. Punda akatoa buti zake kuukuu, kwa bei ya mpya. Ikafika hali kwamba kila mjumbe amechangia kitu katika shujaa yule, na kila kitu kilikuwa kimekaa sana dukani.

Hapo ndipo Mzee Kobe, mwenye kuhifadhi historia, aliponyanyua shingo. "Mmemsahau shujaa Luanda Magere. Mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ikiteleza. Adui zake, Walang'o, walimuua vipi? Walimpa mke, mke akagundua kwamba uhai wa mumewe umo kivulini. Wakachoma kivuli. Je, kivuli cha shujaa wetu mmekikinga kwa nini?"

Ukumbi ukanyamaza. Pendekezo la kumnunulia mwavuli likaangushwa, kwa kuwa mwavuli una kivuli chake. Mwishowe wataalamu wakapata jawabu: Awendo haiko mbali na ikweta, na jua la saa sita hukificha kivuli chini ya nyayo. Ikaamuliwa kwamba shujaa atapigana saa sita mchana tu.

"Jaduong'," Mama Mondo akasema, "ndezi hutoka usiku."

"Hoja yako nzuri sana, mama. Itajadiliwa katika mengineyo."

Mengineyo hayakufikiwa. Chakula kilikuwa tayari.

Kabla ya kufunga, Kiboko alimgeukia Mondo, aliyekwisha kuvikwa kila kitu. "Nyathina, mwanangu, una maoni yoyote?" Mondo, chini ya shaba, hakusikia. Katibu akaandika kwamba mhusika ameridhia.

Wakati wa kutoka, manyoya ya mbuni yalikwama mlangoni. Walimsukuma, wakamvuta, mwishowe shujaa akatoka kwa magoti, kinyumenyume, bunduki ikifuata.

Siku ya vita ilikuwa katikati ya kiangazi. Saa sita, Mondo akaingia shambani kwa Kanga. Chini ya buti, majani makavu ya miwa yalipiga kelele iliyomtangulia hatua kumi. Ndezi walikuwa wamelala vichakani, na aliyeamka alijigeuza upande wa pili. Mondo alitaka kusikiliza, akasikia damu yake mwenyewe ikivuma ndani ya kofia. Jani likatikisika. Akafyatua.

Baruti yenye makaa mengi haikulipuka, ilitapika cheche. Cheche za kwanza ziliunguza sharubu za Mondo. Zilizofuata ziliangukia majani makavu. Shamba la Kanga likashika, la Nguchiro likashika, la Kima likashika, moto ukasimama ulipokutana na maji ya Kuja. Ndezi, ambao ni waogeleaji hodari, walikuwa wamekwisha kuvuka.

Muwa ulioungua haungoji mtu. Sukari yake hupungua siku hadi siku, na mnunuzi analijua hilo kuliko mkulima. Kanga akauza kwa bei ya kuni. Malipo yalipokuja, yaliambatana na orodha ya makato: baruti, mdeki, kofia, manyoya, buti, posho za vikao vya kumbuni shujaa. Chini kabisa ilionyeshwa kwamba Kanga anadaiwa.

Ripoti ya kamati ilisomwa hadharani. Ilisema kwamba shabaha imetimia, kwani ukaguzi wa mashamba yote haukukuta ndezi hata mmoja. Kima akauliza kama ukaguzi ulikuta miwa. Akaambiwa hilo halikuwa katika hadidu za rejea.

Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala. Hawakuwaza kwamba paka anaweza kuondolewa angali amesimama palepale, kwa kuvishwa tu. Mama Mondo alimvua mwanawe usiku uleule. Kucha huota tena, na masikio yalikuwa bado mazima. Wakavuka mto kuwafuata ndezi, wala hawakuaga.

Kamati ilikutana tena kumbuni shujaa wa pili, mkubwa zaidi. Safari hii wajumbe walijivunia kwamba wamejifunza, na wakaanza na tatizo la mlango. Azimio likapita kwa kauli moja: lango la Thimlich Ohinga libomolewe, ili shujaa ajaye apite wima na manyoya yake.

Tenda ya kubomoa ikatangazwa. Maombi yalikuwa mawili, la Fisi na la ndezi. Ndezi wakashinda kwa bei nafuu, na kwa sababu walikubali kufanya kazi usiku.