Mguu Mmoja, Dosye Tatu

Yapo mambo ya hekima ambayo watu huyalaumu kwa kuwa hawajayatazama kwa utulivu. Mojawapo ni desturi ya mahakama kuyatenganisha madai yaliyozaliwa na ajali moja. Mimi naisifu, tena hadharani.

Mchukue mkulima wa Kabambare aliyegongwa na pikipiki akipeleka mpunga sokoni. Mguu umevunjika. Asiyesoma hudhani mguu mmoja ni shauri moja. Kumbe dereva ana kosa la kujeruhi bila kukusudia, na hilo ni la jinai. Mwenye pikipiki humjibia mtumishi wake kwa kifungu cha 260 cha sheria ya tarehe 30 Julai 1888, Tippu Tip akingali na enzi yake Kasongo, na hilo ni la fidia. Tena ipo bima, iliyo lazima kwa vyombo vya moto tangu mwaka 1973, nayo ina mlango wake. Kweli, sheria yamruhusu majeruhi kudai fidia mbele ya hakimu yuleyule wa jinai, kwa ushahidi uleule. Lakini haraka hiyo ina utamu gani? Hakimu mwenye busara hutamka kwamba mashauri yatenganishwe, na mguu uliokuwa mmoja hupata dosye tatu. Shamba likigawanywa hupungua. Dosye ikigawanywa huongezeka.

Faida ya kwanza ni subira. Dosye ya fidia ikiwa peke yake hukaa kitako kuingoja ya jinai, maana ndiyo kanuni. Katika kungoja huko mfupa huunga, ingawa kwa kupinda, na hakimu hasumbuliwi tena na sura ya kidonda.

Faida ya pili ni uchumi. Kila kesi inapoahirishwa Kasongo, mkulima hupanda tena pikipiki kutoka Kabambare, kwa njia ileile iliyomvunja; dereva hupata nauli, mwenye nyumba ya wageni hupata mpangaji, mpiga nakala hupata kurasa. Hata shahidi hunufaika: mara ya kwanza husimulia aliyoyaona, mara ya tatu husimulia hata asiyoyaona.

Faida ya tatu ni amani baina ya mahakama. Moja ikisema dereva ana hatia, nyingine ikisema mwenye pikipiki hahusiki, hakuna iliyoaibishwa, kwani kila moja ilihukumu kipande chake cha mguu. Asiyeridhika hukata rufaa Kindu, akajionea mji.

Wala tusijifanye wageni, kwani sote tunaugua jambo hili kwa siri. Nani hajaulizwa na mkewe habari ya fedha za mchele, akajibu kwamba mchele ni neno moja na fedha ni neno jingine, na kila neno lina siku yake? Nani hajadaiwa mbuzi, akataka kwanza iamuliwe habari ya kamba?

Wapo wanaohimiza mashauri yenye asili moja yaunganishwe. Nawaonea huruma. Siku hiyo mkulima wetu atalipwa, atanyamaza, atarudi shambani, na mji utamsahau. Leo akishuka Kasongo na mkongojo wake, makarani watatu humwamkia, kila mmoja kwa namba yake.