Namna ya Kumnyamazisha Kijana Wako Moja kwa Moja

Mzazi mwenzangu, ukitaka binti yako wa kidato cha pili asikueleze tena jambo lolote mpaka siku ya posa, njia ni rahisi na haina gharama. Anza pale anaporudi tuisheni saa mbili usiku badala ya saa kumi na mbili jioni. Usimwache avue viatu. Muulize, "Ulikuwa wapi?" na kabla hajafungua mdomo, mjibie wewe: ulikuwa na wavulana. Mtaje mtoto wa jirani anayeongoza darasa. Taja ada. Taja jinsi ulivyokwenda shule pekupeku. Kisha mpigie shangazi yake, weka spika, binti asikie ukoo ukimjadili.

Akijaribu kueleza, endelea kuperuzi simu yako huku ukisema, "We sema tu, nasikia." Akilia, mkumbushe kwamba anakula na kulala bure. Ukishikilia mazoezi haya, atabaki na majibu matatu: "Sawa," "Hamna," na "Kawaida." Hapo umefuzu. Ya moyoni atampelekea mtu mwingine, na mtu huyo hutamchagua wewe.

Anayetaka kinyume chake ajifunze umakinifu, yaani kuangalia kinachotokea sasa hivi, ndani yako na mbele yako, bila kukimbilia kuhukumu. Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa mazoezi haya mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Mwaka 1997, yeye na mkewe Myla wakayaandikia kitabu cha malezi.

Usikimbilie kumtafutia kijana mwalimu wa kumtuliza. Uingereza, utafiti wa MYRIAD uliotoa matokeo mwaka 2022 ulihusisha wanafunzi zaidi ya 8,000, na waliofundishwa umakinifu darasani hawakuwazidi wenzao kwa afya ya akili. Walimu waliojifunza ili wawafundishe ndio waliopata nafuu ya uchovu wa kazi, japo kwa muda. Mimi nasoma hapo kwamba mtu mzima ndiye wa kuanza.

Na pa kuanzia ni mwilini. Hasira hubisha hodi kabla ya kuingia: taya hukaza, kifua hubana, sauti hupanda. Ukiigundua mapema, vuta pumzi na uitoe polepole kuliko ulivyoivuta, maana mapigo ya moyo hupungua wakati wa kuitoa. Waislamu wanayo hadithi ya Mtume inayomwelekeza aliyekasirika akiwa amesimama akae, na hasira isipomtoka ajilaze. Aliyeketi hawezi kumfokea mtu vizuri. Kaa.

Kisha uliza swali moja na uache kimya kifanye kazi. Kimya hicho kitakuuma, nacho ndicho sehemu ngumu kuliko zote. Kijana hupima kwanza kama utamrukia. Neno la kwanza analolitoa mara nyingi ni la kukujaribu, na la kweli hufuata nyuma yake. Asiyependa kutazamwa usoni msubiri jikoni mkimenya viazi, au kwenye daladala mkiwa mmekaa bega kwa bega. Simu iwe mfukoni, nayo yako ndiyo itangulie.

Kumbuka pia unayeongea naye bado anajengeka. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka 20. Hata usingizi wa balehe huchelewa kuja usiku, basi yule unayemwita mvivu alfajiri huenda hajashiba usingizi.

Haya yote hayafuti sheria za nyumbani. Kuchelewa kunabaki kosa, na adhabu ipo. Itolewe baada ya kusikia, kwa sauti ya kawaida, nayo ilingane na kosa. Mzazi aliyetulia hukataza vizuri zaidi, kwa sababu kijana husikia katazo lenyewe badala ya kelele.

Ukisikiliza hivi, huenda siku moja ukasikia jambo zito kuliko ulivyotarajia: mtu mzima anayemsumbua njiani, au mawazo ya kujidhuru. Usimlaumu, na usilibebe peke yako. Mpeleke hospitali panapohitajika, na kwa ushauri piga 116, namba ya bure ya simu kwa mtoto, Tanzania na Kenya.