Mfalme wa Vibwengo Kaonewa

Ukiwa mtoto, Labyrinth, filamu ya Jim Henson ya mwaka 1986, ni kisa cha binti jasiri anayeingia kwenye mzingile kumwokoa mdogo wake. Iangalie tena ukiwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Shujaa wetu Sarah aliombwa amwangalie mtoto jioni moja tu. Akanuna, akaomba vibwengo wamchukue, nao wakaja papo hapo, bila fomu wala njoo kesho.

Lawama zote kabebeshwa Jareth, mfalme wao. Kwa kosa gani? Ombi kalitimiza kama lilivyotamkwa. Katoa saa 13 za kujirudi. Na katika saa hizo ni yeye anayembeba mtoto, anamwimbia, anamrusha juu mtoto acheke, wakati dada mtu yuko huko anabishana na milango. (Suruali ya kubana ya Jareth utotoni hatukuiona. Sasa hatuoni kingine.)

Halafu zile tufe za kioo zinazoteleza vidoleni mwa David Bowie, anayemwigiza Jareth! Vidole si vyake. Ni vya Michael Moschen, aliyejibanza nyuma yake akizichezesha bila kuziona. Tuliuita uchawi. Aliyewahi kuajiriwa anautambua mfumo huo mara moja: bosi mbele kwenye taa, fundi nyuma akipapasa.

Wazazi wanarudi usiku kutoka matembezini, wanaita, binti anaitikia, basi. Hawaulizi kitu. Katika filamu nzima, hao ndio ninaowaonea wivu.